Msafara wa motokaa wapanda milima ya Taita

Barabara ya Mwatate kwenda Wundanyi yawafunza wapenda magari tofauti ya kushindana na kusafiri pamoja

KILA zama zina ngoma yake. Mababu zetu wa Mombasa, katika miaka iliyofuata vita vya kwanza vya dunia, walishindana kwa beni. Hawa walijiita Kingi na wale wakajiita Skochi, kila upande na sare zake na tarumbeta zake, na mali iliyotumika ili mmoja amshinde mwenziwe ilikuwa haina hesabu. Kingi na Skochi wamekwisha, lakini hamu ya kujipamba, kuandamana na kutazamwa haikwisha pamoja nao. Wajukuu wao wana ngoma nyingine, nayo ni motokaa.

Siku hizi si ajabu kuona, asubuhi ya Jumamosi au siku ya sikukuu, magari kumi au ishirini yamepangwa kwenye kituo cha petroli, yameoshwa yakang'ara, na wenyewe wamesimama kando wakichunguliana injini. Wako wa Subaru, wako wa Land Rover, wako wenye Volkswagen za mgongo wa kobe zilizowazidi umri madereva wake, na wako wazee wawili watatu walioapa kufa na Peugeot 504 zao. Wakikwisha kunywa chai, huwasha magari wakatoka kwa safu. Hawaendi arusi wala matanga. Waendea njia yenyewe, wakaione na wairudi.

Na njia inayopendwa sana na watu wa Pwani ni hii ya Voi, Mwatate na Wundanyi, katika jimbo la Taita Taveta. Sababu haijifichi. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 160 za nyika tambarare, ambamo usukani hauna kazi kubwa ila kuyakwepa malori. Lakini mtu akiiacha barabara kuu pale Voi na kushika njia ya Taveta, haukupiti muda mlima umemsimamia mbele kama ukuta, na njia ya kuukwea imejikunja kama uzi ulioanguka kutoka kwenye kitanda cha mshonaji.

Nimewahi kufuatana na kikundi kimoja kidogo cha namna hiyo, magari tisa, mimi nikiwa abiria tu katika gari la mwisho. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nataka kusema jambo moja nalo ni hili: mchezo huu wa vijana wetu una jina lake la zamani, msafara, na jina hilo lina sheria zake. Asiyezijua sheria hizo, mlima wa Taita utamfunza, na ada ya mwalimu huyo ni ghali.

NJIA YA WAPAGAZI

Kabla ya lami na kabla ya reli, njia hii ilikuwa ya miguu. Misafara ya Waswahili wa Mombasa iliondoka Pwani na vitambaa, ushanga na masango ya waya, ikaelekea Uchaga na kwingineko kutafuta pembe za ndovu. Ilikuwa lazima kwanza kuivuka nyika ya Taru, mahali ambapo maji yalikuwa ni yale ya mvua yaliyosalia katika ngurunga za mawe. Kutoka Taru msafara ulikwenda Maungu, kutoka Maungu ukaenda Ndara, yaani mlima wa Sagala ulio jirani na mji wa Voi, kisha ukapita chini ya milima ya Taita kwa upande wa Bura, na mwisho ukaingia msitu wa Taveta kupumzika penye maji na ndizi.

Mwaka 1848 Mjerumani Johannes Rebmann, mhubiri aliyekaa Rabai, alipita huku akiongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya Uchaga. Siku ya tarehe 11 Mei, baada ya majuma mawili hivi ya kutembea, Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipoandika kwamba ni theluji, wakubwa wa elimu huko Ulaya walimcheka. Bwana Kheri hakuchekwa na mtu, kwani yeye hakuandika. Lakini bila yeye hapangekuwa na la kuandikwa.

Basi tazama jinsi msafara ule ulivyopangwa. Mbele alikwenda kiongozi mwenye bendera, naye ndiye aliyechagua njia na kuukata mwendo. Katikati walikuwamo wapagazi na mizigo yao. Nyuma kabisa alikwenda mnyapara, na kazi yake ilikuwa ni kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki porini. Mpagazi akichoka, mnyapara alijua. Mzigo ukianguka, mnyapara aliujua. Ngoma au barghumu ikilia, wote walijua kuwa ni kuondoka au ni kutua. Msafara ulikwenda kwa mwendo wa yule aliyechoka zaidi, kwa sababu aliyeachwa katika nyika ya Taru hakuonekana tena.

Na hata tulipokuwa chuoni, tukisoma huku tumekunja miguu juu ya mkeka, mwalimu alitufunza kwamba watu watatu wakifunga safari na wamteue mmoja wao awe amiri. Tulidhani ni habari za ngamia na majangwa ya Arabuni. Kumbe ni habari za motokaa pia.

KUTOKA VOI

Wapenda magari wa leo hawaoni kiu tena pale Taru. Hupita Mariakani na Samburu, wakasimama kidogo Mackinnon Road, mji uliobakia na jina la barabara ya kale iliyoanza kukatwa mwaka 1890 ili magari ya ng'ombe yaende bara. Hapo pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, Mhindi aliyekuwa miongoni mwa watu wa kazi ya reli. Husimuliwa kwamba karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Wasafiri wa dini zote husimama hapo, huyu akaomba dua, yule akanyoosha miguu na kuangalia tairi. Kwa mwenye safari ndefu, mambo hayo mawili hayapingani.

Voi yenyewe ni mji wa njia panda. Reli ilipita hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wakati wa vita vya kwanza Waingereza walijenga tawi la reli kutoka hapa kwenda Maktau na kuendelea, ili wakapigane na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta mwaka 1914. Wapenda magari wafaa kujua kwamba katika nyika hii ya Maktau na Salaita ndimo magari ya deraya ya Rolls-Royce yalimotumiwa vitani mwaka 1916. Makaburi ya askari yako Voi, Maktau na Taveta, nayo yatazamwa kwa heshima na kila apitaye na moyo.

Kutoka Voi hadi Mwatate ni mwendo wa kilomita 25 hivi. Mkono huu na ule ni vichaka, na penye vichaka hapakosi ndovu, kwani mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, ziko pande zote mbili na ndovu hawajui mipaka ya ramani. Ndiyo maana wenyeji huwahimiza wageni wamalize safari kabla ya jua kutua. Ndovu usiku hana taa ya nyuma. Karibu na Mwatate huja mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, na hapo ndipo njia hupasuka mara mbili. Moja yaendelea Taveta na mpaka wa Tanzania. Kwa miaka mingi lami yake ilikomea huku Mwatate, na kuliko hapo ilikuwa ni vumbi jekundu hadi ilipotiwa lami katika miaka ya 2010. Ya pili ndiyo yetu. Hiyo hukata kulia na kuupanda mlima.

KUPANDA

Mwatate iko mita mia nane na kitu juu ya bahari. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300. Na baina yao hazizidi kilomita 20. Mwenye kujua hesabu na apige, atambue jinsi njia inavyopaswa kujipinda ili gari liweze kupanda kimo hicho bila kuanguka nyuma.

Kona ya kwanza humfanya dereva atabasamu. Ya pili humfanya anyamaze. Kufika ya tano mikono yote miwili iko kwenye usukani na redio imepunguzwa sauti bila mtu kuagiza. Upande mmoja ni mwamba, na upande wa pili ni hewa. Chini kule waona njia uliyopita dakika tano zilizopita, na juu yake lori dogo kama kibiriti linalopanda kukufuata. Migomba na mihindi imepandwa katika matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, na nyumba zimejishika mahali ambapo mtu wa Pwani angeona haya hata kumfunga mbuzi. Kadiri upandavyo joto la nyika hukuacha, na madirisha yaliyokuwa wazi tangu Mazeras hufungwa moja moja.

Asubuhi ukungu hushuka. Huo si moshi wa mtu kuutimua kwa mkono. Ni wingu lenyewe limelala barabarani. Dereva ambaye hajauzoea huwasha taa kali, akashangaa kuona kwamba zamrudishia weupe usoni mwake. Wenyeji huwasha taa ndogo, wakapunguza mwendo, wakapiga honi kila kabla ya kona kali, na kunyamaza kidogo wasikilize kama wapo wanaojibu. Huko honi si matusi kama ilivyo mjini. Huko honi ni hodi.

Tena iko adabu nyingine ya mlimani ambayo haikuandikwa katika kibao. Penye wembamba, anayeshuka humpisha anayepanda. Sababu yake si upole tu. Gari lililosimama katika mwinuko likiwa na mzigo, kuliondoa tena ni kazi: klachi yaungua, tairi zateleza, na lile la nyuma yake laogopa kugongwa. Anayeshuka yeye ana uzito wa gari upande wake. Basi mwenye nafuu humpa nafasi mwenye dhiki, kama ilivyo katika mambo mengine ya dunia.

ZAMA ZA MASHINDANO

Yafaa tuseme kwamba milima hii si migeni kwa magari ya mbio. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, yalipobakia ndani ya Kenya peke yake, sehemu ya Pwani iliyapeleka magari mara nyingi katika milima ya Taita. Yalikuja wakati wa Pasaka, na Pasaka aghalabu ni mvua za masika. Udongo mwekundu wa Taita ukilowa huwa kama sabuni. Watu wazima wa leo wa Wundanyi na Mgange walikuwa watoto waliokaa juu ya kingo za barabara, wakisikia mngurumo kabla ya kuona gari, kisha wakarushiwa matope wakashangilia.

Majina ya wakati ule yangali midomoni. Joginder Singh, aliyeitwa Simba, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Bjorn Waldegard wa Uswidi alishinda mara nne baina ya 1977 na 1990, na alipokuwa mzee akarudi katika mashindano ya magari ya kale, yale yaliyoanzishwa mwaka 2003, akayashinda mwaka 2007 na tena 2011. Mashindano hayo ya magari ya kale yamepita Taita Taveta mara kadhaa. Ama Safari yenyewe, iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilihamia upande wa Naivasha.

Lakini katika habari zote za Safari, iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya wale saba. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mambo yakawa vile vile: yaliondoka zaidi ya 80, yakamaliza 7. Dunia ikawasifu wale saba, na haki yao wasifiwe. Hayo ndiyo mashindano. Katika mashindano, wachache wakifika ndipo sifa huzidi.

Sasa mgeuzie mtu wa msafara habari hiyo. Mwambie kiongozi wa kale kwamba uliondoka Mombasa na watu 80 ukafika Taveta na watu 7. Asingekupa kikombe. Angekuuliza uliwaacha wapi wengine, na hapana mtu mwingine ambaye angekubali kwenda nawe tena. Katika msafara sifa ni idadi iliyoondoka ilingane na idadi iliyofika. Hapo ndipo baadhi ya vijana wetu huchanganya. Huondoka kwa jina la msafara, wakafika kona ya tatu wakakumbuka Joginder, na mara safu ikawa mbio. Wanasahau kwamba Joginder alipopita barabara zilikuwa zimetangazwa na watu wamejiweka kando, na kwamba mbele ya kona ya leo anaweza kuwapo mama mwenye kikapu, bodaboda yenye watu watatu, au ng'ombe asiyekuwa na habari.

KUSHUKA

Kikundi nilichofuatana nacho kilikuwa na mpango mzuri. Mtu mzima mmoja alitangulia. Gari la mwisho, nililokuwamo mimi, lilikuwa na makanika, jeki mbili, kamba ya kuvutia gari na madebe ya maji. Ilikubaliwa kwamba kila dereva aangalie kioo chake, na asipomwona wa nyuma yake katika kona mbili, asimame penye upana amngoje. Hivyo kila mmoja alikuwa mnyapara wa mwenziwe. Tulipanda salama, tukala Wundanyi, tukatembea sokoni, na alasiri tukaanza kushuka.

Watu wengi huogopa kupanda, na hapo wamekosea. Kupanda ni kazi ya injini. Ikishindwa, gari husimama. Kushuka ni kazi ya breki, na zikishindwa gari halisimami. Mbele yetu alikuwako kijana mmoja na gari kuukuu alilolipenda kama roho yake. Aliacha gari likiwa katika gia kubwa, likavutwa na mlima, naye akawa ameweka mguu juu ya breki kutoka kona hadi kona. Mara ya kwanza nilisikia harufu, kama ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Makanika wetu aliisikia kabla yangu. Aliwasha taa kumwashiria, kisha akapiga honi. Kwenye kona iliyofuata moshi mweupe ulikuwa ukitoka katika gurudumu la mbele, na tuliona gari likichelewa kutii.

Kijana hakupoteza akili. Aliingiza gia ndogo, gari likalia kwa hasira, akavuta breki ya mkono polepole na kulielekeza upande wa mwamba, mahali penye upana, likakwaruza majani likasimama. Lori la kabichi lililokuwa likipanda lilisimama nalo. Hata kabla sisi hatujashuka, matingo wawili walikwisha kuruka na kusukuma mawe chini ya magurudumu yake. Hawakutuuliza sisi ni nani wala tumetoka wapi. Walitikisa vichwa, wakamwonya kijana asije akamwaga maji baridi juu ya chuma kilichopata moto, maana hupasuka au kupinda, wakatupungia mkono, wakapanda zao.

Haya ndiyo mafunzo yake kwa asiyejua. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano ni moto. Zikitumiwa kwa vipindi hupata nafasi ya kupoa. Zikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu hushika moto mwingi mno, pedi zikapoteza mshiko, na maji ya breki yakachemka yakaingia mapovu. Hapo mguu hukanyaga mpaka sakafuni, na gari haliitiki. Dawa yake ni ya kale: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia, injini ndiyo ilizuie gari, na breki iwe ya kukumbushia tu. Gari lisilo na klachi nalo lina gia ndogo za kuteremkia. Haziwekwi pale kwa urembo.

Yule wa mbele, asipotuona katika kona mbili, alisimama, na nyuma yake wakasimama wote. Tulikaa pale kiasi cha saa nzima, tukila ndizi tulizonunua sokoni, mpaka gurudumu likaguswa bila kuunguza. Tukateremka kwa gia ya pili, kijana akiwa katikati na mtu mzima mbele yake, hadi Mwatate. Hakuna aliyemcheka. Tulikuwa tisa asubuhi, na tisa tuliwasili Voi.

WENYE BARABARA

Lori lile la kabichi lilinifanya nifikiri. Sisi tulikwenda siku moja kwa furaha. Matingo wale huenda kila siku kwa riziki. Mboga nyingi zinazoliwa Mombasa, kabichi, sukumawiki, nyanya na viazi, huteremka kutoka Wundanyi na Werugha kwa njia hii hii, zikaingia soko la Kongowea alfajiri. Wagonjwa wa hospitali ya Wesu wanaohitaji tiba kubwa huteremshwa kwa njia hii kwenda Voi. Walimu, wanafunzi na wajane wanaofuatia kesi zao hupanda matatu kwa njia hii. Kwa hiyo mwenye gari la kupendeza anapoifunga kona ili apigwe picha, na akumbuke kwamba nyuma yake huenda ipo gari la wagonjwa ambalo halina haja ya picha.

Wenyeji wa huku, Wadawida, hawana tabia ya kupiga kelele ovyo, na milima yao ina heshima zake. Katika mapango ya milima hii yamehifadhiwa mafuvu ya wazee wa kale, waliofukuliwa baada ya muda na kuwekwa pale kwa taratibu zao. Katika misitu midogo iliyosalia ya Ngangao na Mbololo wako ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Na juu ya vyote kimesimama kilele cha Vuria, mita 2,208. Mahali kama hapo, gari lililotobolewa bomba la moshi ili lipige kelele ni kama mtu aliyeingia matangani akicheka.

Na watu hawa wameipa nchi sauti. Fadhili William, aliyeimba Malaika hata dunia nzima ikaijua, jina lake la mwisho lilikuwa ni Mdawida. Habel Kifoto, kiongozi wa bendi ya jeshi ya Maroon Commandos, aliimba kwa Kitaita wimbo wa Charonyi ni Wasi, ambao mwaka 1977 ulichezwa hata na wasiojua neno moja la lugha hiyo. Maana yake kwa ufupi ni kwamba safarini na ugenini kuna taabu. Charo ni safari. Wagiriama nao husema charo. Nasi wa Pwani twasema safari ni adhabu ndogo. Basi ona jinsi watu wa mlimani, wa nyika na wa bahari wote walivyokubaliana juu ya jambo moja: safari ina uchungu wake, na dawa ya uchungu huo ni mwenzio.

Usiku ule Voi niliwatungia wenzangu beti tatu, nazo ni hizi:

Msafara si shindano, wa kwanza apewe tuzo,
Ni watu wa mapatano, walioshika agizo,
Wapeanao mikono, pakitokea vikwazo,
Wa mbele amngojee, wa nyuma naye afike.

Mlimani kuna kona, na ukungu kama moshi,
Mbele usipopaona, macho yako hayatoshi,
Mdogo na wa maana, sote njiani twaishi,
Wa mbele amngojee, wa nyuma naye afike.

Gia ilokupandisha, ndiyo ikuteremshe,
Breki ukizichemsha, hakuna kikuepushe,
Safari si ya kutisha, mwenzio umfikishe,
Wa mbele amngojee, wa nyuma naye afike.

Sisemi vijana waache magari yao. Mapenzi ya chombo ni jadi yetu; baba zetu waliyapenda majahazi, wakayapaka sifa na kuyatungia nyimbo, wala hapana aliyewalaumu. Lakini nahodha hakusifiwa kwa kasi peke yake. Alisifiwa kwa kujua pepo, kwa kujua mwamba ulipo chini ya maji, na kwa kuwarudisha mabaharia wote kwa mama zao. Atakaye kuipanda Taita na aende, aione nchi nzuri, anunue kabichi za watu na ndizi zao. Ila kabla ya kuwasha injini wamchague kiongozi, wamchague na mnyapara, na wahesabu magari. Wakirudi Voi jioni, wahesabu tena.